Mchoro, simulesheni na takwimu za laini ya kiwanda ndani ya ripo moja ya Git

Mwongozo huu ni wa timu ndogo inayosanifu laini ya uzalishaji: mmoja anachora mpangilio wa mashine kwenye FreeCAD, mwingine anaendesha simulesheni kwenye JaamSim. Programu zote mbili ni za bure. Kinachosumbua ni mchoro kuwa na vituo 7 huku simulesheni ingali na 6.

1. Fungua ripo moja (hazina ya Git, programu inayotunza kila toleo la faili) yenye folda tatu: `mchoro`, `simulesheni`, `data`. Kila idara na ripo yake? Hapana.

2. Muda wa kila kituo uwe kwenye `data/vituo.csv` (CSV ni jedwali la maandishi matupu), na kizio kiandikwe kwenye jina la safu: `muda_sekunde`. Zamu ya saa 8 ukitoa dakika 50 za mapumziko hubaki sekunde 25,800. Zikitakiwa bidhaa 600, kila moja ina sekunde 43, kwa hiyo kituo cha sekunde 47 kitakwamisha laini nzima. JaamSim hukulazimisha kutaja kizio (`47 s`). CSV haikulazimishi, na hapo ndipo dakika husomwa kama sekunde.

3. Sasa Git LFS, nyongeza ya Git inayoweka mafaili makubwa kando na kuacha kielekezi kidogo ndani ya ripo. Usiongeze mchoro wowote kabla ya hii:

```
git lfs install
git lfs track --lockable "*.FCStd"
git add .gitattributes
git commit -m "LFS kwa michoro"
```

Zingatia herufi kubwa na ndogo. Kwenye Linux `*.fcstd` haitakamata kitu. Faili la FCStd kwa ndani ni zip, hivyo ukisogeza tundu moja la bolti Git huhifadhi faili zima upya.

Michoro ikitangulia `track`, ile ya zamani hubaki kwenye historia ya kawaida. GitHub, tovuti ya kuhifadhi ripo, hukataa faili lililozidi MB 100, na kulifuta kwenye komiti (toleo lililohifadhiwa) inayofuata hakusaidii, kwani bado limo kwenye historia. Tiba ni hii:

```
git lfs migrate import --everything --include="*.FCStd"
```

Amri hiyo huandika historia upya. Kabla ya kuigusa, wenzako wote wawe wameshapushi (wametuma kwenye seva) kazi zao. Ukishapushi kwa `--force`, wafute nakala zao na kukloni (kunakili ripo nzima) upya. Mmoja akiendelea na nakala ya zamani, uzito wote unarudi.

FreeCAD ikigoma kufungua mchoro, tazama ukubwa wake. Baiti mia na ushee? Hicho ni kielekezi tu. Endesha `git lfs pull`.

4. Kabla ya kuchora, funga faili ili mwingine asilibadilishe: `git lfs lock mchoro/laini.FCStd`. Ukishapushi: `git lfs unlock mchoro/laini.FCStd`. Matoleo mawili ya mchoro hayaunganishiki, atakayechelewa atachora upya.

5. Faili la `.cfg` la JaamSim ni maandishi matupu, hivyo `git diff` huonyesha wazi `38 s` ikigeuka `47 s`. Ndiyo maana siipendi programu ya simulesheni inayohifadhi kazi kwenye faili lisilosomeka.

6. Folda zote tatu zikikubaliana, bandika lebo:

```
git tag -a mpangilio-B2 -m "vituo 7, sekunde 43"
git push origin mpangilio-B2
```

Anayeagiza mashine asome lebo hiyo, si tawi la `main`, ambalo huendelea kubadilika.