Mwaka wa kwanza chuoni: anza na saa ya kuamka, mengine yafuate

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokuja kuniomba ushauri bwenini huja na malalamiko yanayofanana. Mihadhara haiingii kichwani, wanaamka wamechoka, na ile raha ya chuo waliyosimuliwa hawaioni. Wengi huomba mbinu za kusoma. Mimi huwauliza kwanza jana waliamka saa ngapi, na juzi, na Jumapili. Majibu yakipishana kwa saa tatu au nne, habari ya kusoma tunaiweka kando siku hiyo.

Haya ndiyo ninayowaelekeza, kwa mpangilio uleule. Hatua ya kwanza ni ndefu kupita kiasi kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi.

Utahitaji saa ya kengele ambayo si simu, daftari dogo na kalamu. Programu za kupima usingizi sizipendi hata kidogo: mtu ameamka vizuri, anasoma namba kwenye kioo, anaanza kujihisi mgonjwa.

Hatua ya 1: Weka saa moja ya kuamka

Nimesema kuamka. Usingizi haulazimishwi, ila kuamka mtu anaweza kujilazimisha, na usiku utajipanga wenyewe nyuma yake. Chukua ratiba ya muhula mzima, tafuta kipindi cha mapema kuliko vyote, kisha rudi nyuma saa moja na nusu. Kama kipindi hicho ni saa mbili asubuhi, wewe unaamka saa kumi na mbili na nusu, siku zote saba.

Ndiyo, hata Jumamosi. Jipe nafuu ya saa moja wikendi, isizidi. Anayeamka saa kumi na mbili na nusu siku za vipindi, halafu saa tano asubuhi mwisho wa wiki, anaufanyia mwili wake kama msafiri aliyeruka kwenda nchi ya mbali na kurudi kila wiki. Till Roenneberg, mtafiti wa Ujerumani, na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 2006, na ndilo hasa linaloifanya Jumatatu iwe nzito hata kwa mtu aliyelala sana Jumapili.

Kama kwa sasa unaamka saa nne, usijitupe mara moja kwenye saa kumi na mbili. Sogeza nyuma nusu saa kila baada ya siku mbili. Kengele ikilia, toka nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili, na ndio utakaokuletea usingizi mapema usiku ule. Taa ya chumbani haitoshi. Nje, hata kukiwa na mawingu, kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa ndani. Robo saa ya kutembea inatosha kuanzia.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo watu hurudi kwangu wakisema imeshindikana.

Kwanza, usijiite mvivu. Saa ya mwili husogea mbele wakati wa ujana na kufikia kilele cha kuchelewa karibu na umri wa miaka 20, umri uleule wa mwaka wa kwanza. Ukiona usingizi hauji mpaka saa sita usiku, ni maumbile, na mwanga wa asubuhi husaidia kuyavuta kidogo. Hautakugeuza kuwa mtu wa alfajiri.

Pili, kahawa. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Ukiinywa saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado ipo, na saa nane usiku kuna robo. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hivyohivyo, pamoja na sukari tele. Sheria yangu ni kikombe cha mwisho kabla ya saa nane mchana. Watu hubisha kwamba wao kahawa haiwazuii kulala. Kulala wanalala, ila usingizi wenyewe huwa mwepesi.

Tatu, usingizi wa mchana unaruhusiwa: dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri, na kengele imewekwa. Ukilala saa mbili jioni umeshauvuruga usiku.

Nne, ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kusinzia, inuka. Keti mahali penye mwanga hafifu, soma kitu kisicho cha mtihani, rudi macho yakiwa mazito. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kuhangaika.

Tano, mwenzako wa chumbani. Zungumzeni wiki ya kwanza, kabla yeyote hajakasirika: taa inazimwa saa ngapi, simu zinapokelewa wapi, wageni wanaondoka lini. Mkishindwa kuelewana, nunua vizibo vya masikio na kitambaa cha kufunika macho.

Kama una kazi ya usiku, saa niliyoitaja si yako. Chagua wewe muda mmoja wa kulala na uulinde usihame. Na kama umelala saa saba hadi tisa kwa wiki tatu na bado unaamka umechoka, nenda zahanati. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi na kukatika kwa pumzi usingizini havitibiwi kwa kengele.

Kuhusu kukesha kabla ya mtihani: Williamson na Feyer walichapisha utafiti mwaka 2000 ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 anaweza kufanya vibaya katika baadhi ya majaribio sawa na mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, au vibaya zaidi. Huwezi kwenda kwenye karatasi ya hesabu katika hali hiyo kwa hiari yako.

Hatua ya 2: Kula

Kula kabla ya kipindi cha kwanza, beba maji. Unajua mwenyewe.

Hatua ya 3: Hamishia kusoma mchana

Mapengo kati ya vipindi ndiyo muda wako bora, na ndiyo hupotea kwenye simu. Chukua daftari, funga vitabu, andika kila unachokumbuka cha mhadhara uliotoka. Kisha fungua ukaone ulichosahau. Roediger na Karpicke walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006: waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima waliwapita. Kalamu za kupaka rangi mistari sizikatazi, ila zinampa mtu hisia ya kujua kitu ambacho hajakijua.

Saa tatu usiku funga vitabu. Jioni iliyobaki ndiyo ya kufurahia chuo, na hutaifurahia ukiwa na deni la mchana.

Hatua ya 4: Tembea

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukienda vipindini kwa miguu na kwa mwendo wa haraka, sehemu kubwa umeshaipata. Gimu ni ya anayeipenda.

Hatua ya 5: Kikundi kimoja

Wiki ya kwanza kila meza itakuita: kwaya, mdahalo, mpira, kujitolea. Jiandikishe kimoja, kile kinachokutana kila wiki siku ileile. Urafiki huota kwa kuonana mara kwa mara bila kupanga, na vikundi vitano utavihudhuria kimojakimoja kwa zamu, ubaki mgeni kotekote. Ukikaribishwa mahali usipopataka, "leo sitaweza" inatosha, bila maelezo.

Hatua ya 6: Jua mlango wa mshauri ulipo

Nenda ukaone ofisi ya ushauri nasaha na zahanati ukiwa mzima, ujue zinafunguliwa saa ngapi. Huzuni au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili, ni sababu tosha ya kurudi pale. Ukijiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, nenda siku hiyohiyo, na umwombe mtu akusindikize. Hutakiwi kuandaa hotuba. Sema hulali, au huli, au hutaki kutoka chumbani, na tangu lini. Mengine atayauliza yeye.