Somo: Klachi ya feni kwenye magari-nyumba ya zamani, inavyofanya kazi, kupimwa na kubadilishwa

Gari-nyumba la zamani likichemka mlimani, mara nyingi hubadilishwa themostati, kisha pampu ya maji, kisha rejeta nzima. Klachi ya feni, yaani kiungo kati ya injini na feni kinachoikaza feni joto likipanda na kuiachia likishuka, huachwa kwa sababu feni inaonekana inazunguka. Feni itazunguka hata kama klachi imekufa. Cha kuuliza ni inazunguka kwa kasi gani wakati maji yamefika nyuzi 100 za Selsiasi na gari la tani tano au zaidi liko gia ya pili.

Somo hili ni la magari yenye injini mbele, hasa yaliyojengwa juu ya chasi ya Chevrolet P30 yenye V8 ya lita 7.4 na Ford E-350 yenye V8 ya lita 7.5. Yale makubwa ya dizeli yenye injini nyuma mengi hutumia feni ya haidroli, na hayo yanahitaji somo lake.

Kilichomo ndani

Klachi ina vipande viwili vinavyozunguka. Cha ndani ni rota, kimefungwa kwenye shafti ya pampu ya maji na huzunguka nayo muda wote. Cha nje ni bodi ya aluminiamu yenye mapezi, na feni imefungwa kwenye bodi hiyo. Vipande hivi havigusani. Vina mifereji ya duara inayoingiliana, na katikati yake kuna nafasi nyembamba mno. Mafuta mazito ya silikoni yakijaa katika nafasi hiyo, rota huiburuta bodi na klachi "hushika". Yakiondoka, klachi "huachia" na feni hujizungukia taratibu.

Mbele ya mifereji kuna chumba cha akiba, kilichotengwa kwa bati lenye tundu. Tundu hilo hufunguliwa na kufungwa na ulimi mdogo wa vali, na ulimi umeunganishwa na springi unayoiona usoni mwa klachi. Springi hiyo ni ya metali mbili zilizogandishwa pamoja, zinazotanuka kwa viwango tofauti. Ikipata joto hujizungusha na kuusogeza ulimi. Mafuta huingia kwenye mifereji, hutupwa ukingoni na mzunguko, na huko ukingoni kizuizi kidogo huyasukuma kurudi akiba. Kwa hiyo mafuta yanatembea muda wote tundu likiwa wazi. Tundu likifungwa, mifereji hukauka baada ya muda mfupi na feni hutulia.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi: springi haisomi joto la maji. Inasoma joto la hewa iliyopita katikati ya rejeta. Chochote kinachozuia hewa ya moto kuifikia springi kitaifanya klachi nzima ionekane mbovu.

Klachi nyingi za aina hii hushika hewa inapofika kati ya nyuzi 65 na 90, na kufikia hapo maji ndani ya injini huwa ya moto zaidi ya hewa hiyo. Ndiyo maana mshale wa joto hupanda kidogo kabla ya feni kuanza kunguruma, kisha hushuka. Ikiwa imeshika, klachi ya kazi nzito huzungusha feni kwa takriban asilimia 70 hadi 90 ya kasi ya shafti. Ikiwa imeachia, ni karibu asilimia 25 hadi 30. Hata nzima haifiki 100.

Kupima kabla ya kufungua chochote

1. Injini ikiwa baridi na imezimwa, tazama uso wa klachi. Alama ya mafuta yenye vumbi, inayotawanyika kama miale kutoka katikati, ni silikoni iliyovuja. Unyevu kidogo pembeni mwa shafti si hoja. Utelezi mwingi ndio hoja.

2. Shika ncha ya pangaboi la feni uisukume mbele na nyuma. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Ukizidi milimita 6 hivi kwenye ncha, beringi ya klachi imelika. Hakikisha ni klachi inayocheza, si shafti ya pampu.

3. Gusa springi kwa kidole bila kuilazimisha. Isiwe imevunjika, imelegea au imezikwa kwenye tope lililokauka.

4. Pasha injini hadi joto la kazi, izime, subiri feni isimame kabisa, toa ufunguo, kisha sukuma feni kwa nguvu kwa mkono. Inatakiwa ikaze na kusimama ndani ya mzunguko mmoja au pungufu. Ikizunguka mara tatu na zaidi, mafuta yamekwisha. Ikigoma kabisa hata injini ikiwa baridi, klachi imeganda.

5. Kipimo cha uhakika ni cha karatasi ngumu. Funga kipimajoto chenye waya kati ya rejeta na feni, waya ukiwa mbali na mapangaboi na umefungwa imara. Ziba uso wa rejeta kwa kadibodi, shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, na usiache kutazama mshale wa joto la maji. Mngurumo unatakiwa uanze kipimajoto kikiwa kati ya nyuzi 65 na 90. Toa kadibodi. Hewa inatakiwa ishuke kwa nyuzi 11 au zaidi ndani ya dakika chache, na mngurumo uishe. Maji yakifika nyuzi 110 kabla ya mngurumo, toa kadibodi mara moja, jibu umeshalipata. Usisimame kwenye mstari wa feni wakati wowote wa kipimo hiki.

Klachi iliyolegea hujulikana kwa kuchemka mlimani na kwenye foleni, huku barabara tambarare ikienda vizuri kwa sababu upepo wa mwendo unatosha. Kiyoyozi pia hupoa vibaya gari likisimama. Klachi iliyoganda haichemshi. Hula petroli, hunguruma muda wote na huchosha beringi ya pampu ya maji.

Kufungua

Toa waya hasi wa betri. Kwenye magari haya unafanya kazi pande mbili: mbele kupitia grili, na ndani ya kabini kwa kuondoa kifuniko cha injini kilichopo kati ya viti. Usikiruke kifuniko hicho. Bila kukiondoa utaishia kukwangua mapezi ya rejeta kwa spana.

Kama klachi imefungwa kwa nati nne kwenye puli, zilegeze mkanda ukiwa bado umekaza, maana mkanda ndio unaozuia puli isizunguke. Ndipo ulegeze mkanda. Kama imefungwa kwa nati moja kubwa moja kwa moja kwenye shafti, utahitaji spana pana nyembamba na chombo cha kuzuia puli. Uzi wake unaweza kuwa wa kulia au wa kushoto. Kanuni inayosaidia: kwa kawaida nati hiyo hulegea kwa kuizungusha kuelekea upande ule ule feni inaozungukia injini ikiwa inafanya kazi, kwa sababu mbururo wa feni umekusudiwa uikaze.

Legeza kava ya feni, ile inayoizunguka feni nyuma ya rejeta, na isogeze nyuma juu ya injini, kisha toa feni na klachi kwa pamoja. Weka kadibodi mbele ya rejeta kwanza.

Feni ikiwa nje, tikisa shafti ya pampu na tazama kitundu cha chini ya pampu. Ikicheza au kitundu kikiwa na alama ya maji, badilisha pampu sasa. Kagua kila pangaboi kwenye mzizi na kwenye ribiti. Feni yenye ufa haichomelewi, inatupwa. Kipande kikiruka hupasua rejeta au huumiza mtu.

Kufunga mpya

Linganisha mpya na ya zamani kabla ya kuisogeza karibu na gari: duara la bolti, kipenyo cha tundu la katikati, urefu kutoka puli hadi feni, na mwelekeo wa mzunguko. Klachi ya mkanda unaozungusha pampu kinyume haibadilishani na ya kawaida. Chukua daraja la kazi nzito. Ile ya kawaida ya gari dogo haiwezi kuliburuta pangaboi lenye mkunjo mkubwa.

Usilaze klachi mezani, iwe springi inatazama juu au chini. Ihifadhi wima kama itakavyokaa kwenye injini, ili silikoni isihamie kwenye beringi.

Bolti za feni za milimita 8 zikaze kwa niutoni-mita (Nm) 25 hivi, kwa kupishana. Kisha pima nafasi: springi na mapangaboi viwe milimita 25 hivi kutoka rejeta, na upana wa feni uingie ndani ya kava kwa nusu hadi theluthi mbili. Feni iliyo nje kabisa ya kava huzungusha hewa ile ile ya moto.

Maswali ya wanachama

Fundi, yangu inanguruma kila asubuhi nikiwasha, halafu inanyamaza. Nibadilishe?
Hapana. Gari likilala, silikoni hushuka kwenye mifereji. Ukiwasha, klachi imeshika mpaka mafuta yasukumwe kurudi akiba. Dakika moja au mbili ni kawaida. Ikizidi dakika tano hivi na haiachii, ndipo uipime.

Naweza kuongeza mafuta ya silikoni badala ya kununua nyingine?
Baadhi ya klachi, kama za Toyota Land Cruiser za zamani, zimefungwa kwa skrubu na hufunguka. Nyingi za magari-nyumba tunayozungumzia zimekunjwa ukingo kiwandani. Ukizipasua hazifungi tena sawasawa, na kama mafuta yalivuja, sili na beringi navyo vimekwisha.

Nimefunga klachi mpya ya kazi nzito, bado inachemka na sijasikia mngurumo hata mara moja. Nimeuziwa mbovu?
Inawezekana, lakini anza na rejeta. Mirija ya katikati ikiwa imeziba kwa chokaa, hewa inayopita hapo hubaki baridi na springi haipati habari. Injini ikiwa ya moto, izime upime uso wa rejeta kwa kipimajoto cha miale, mraba kwa mraba. Doa lililo baridi sana kuliko jirani zake ni mirija iliyoziba. Kisha angalia kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta: majani na vumbi hujishindilia hapo mahali jicho halifiki. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya presha ndogo, usikunje mapezi. Angalia pia sponji zinazoziba pembeni mwa rejeta. Zikioza, hewa hupita pembeni.

Je, niweke feni za umeme niachane na klachi kabisa?
Kwa gari zito linalopanda milima, sishauri. Feni ya umeme inayokula ampea 40 kwa volti 14 hutumia wati 560, yaani chini ya nguvu farasi moja. Feni ya klachi iliyoshika hutumia nguvu farasi kadhaa, na nguvu hiyo ndiyo inayovuta hewa. Za umeme zinafaa kama nyongeza mbele ya kondensa.

Ikifa safarini na nimebakiza mlima mmoja?
Zima kiyoyozi. Washa hita ya kabini kwa kasi ya mwisho, maana nayo ni rejeta ndogo. Shusha gia ili injini izunguke haraka kwa mzigo mwepesi. Pampu itasukuma maji zaidi, na hata klachi dhaifu itavuta hewa zaidi. Panda asubuhi na mapema au jioni ukiweza. Mshale ukiendelea kupanda, simama pembeni, acha injini izunguke kasi kidogo kuliko sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) kwa dakika chache, na usifungue kifuniko cha rejeta mpaka bomba la juu lishikike kwa mkono bila kuunguza.