Kuhama toka gari la kulala la zamani kwenda jipya bila kuanza moja

Wadau, hii ni kwa yule ambaye tayari analala kwenye gari, ana Hiace au Noah yake imeshachoka, hela ya kubadilisha kaipata na sa hivi kazi yake ni kuangalia picha za magari ya Japani mpaka saa nane usiku. Kama ndo kwanza unafikiria kuanza haya maisha soma tu, ila mengine yatakupita kushoto. Mi niko Tanga, kwahiyo nikiongea naongelea joto, chumvi ya bahari na masika, mtu wa Njombe pale penye feni ye aweke blanketi.

Kwanza kabisa usiguse kitu kwenye gari la zamani kabla hujalichunguza, maana hilo ndo linajua unaishije kuliko unavyojijua. Watu wakipata gari jipya wanachora jiko la plati mbili, sijui kabati la juu, sijui meza ya kukunja, wanachora maisha ya mtu waliyemuona kwenye video, wakati wao jioni wanakula chipsi na mishikaki Ngamiani barabarani na sufuria halijaguswa tangu Idi.

Nunua selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, na maka peni moja. Kila kitu kilichomo ndani bandika kipande, siku ukikitumia unakibandua. Mwezi ukiisha, vyote ambavyo bado vina selotepu haviendi kwenye gari jipya, labda vya dharura tu kama jeki, kizima moto, pembetatu za kuweka barabarani na sanduku la huduma ya kwanza. Halafu kila kinachokukera kiandike palepale kinapokukera, sio kwenye simu. Kwenye mlango wa kabati andika "unanigonga kichwa", pembeni ya swichi andika "nikiwa nimelala siifikii", kwenye dirisha andika "mbu wanapitia hapa". Siku ya kumuita fundi unampitisha ndani anasoma, huna haja ya kumwelezea sana wala kumwonyesha picha za magari ya Wajerumani.

Umeme nao unaupimia kwenye gari la zamani. Kifaa cha kupimia matumizi ya betri sio ghali na kinakuonyesha ampea zinazoingia na kutoka, ila hata kama huna, hesabu haina ugumu. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwa inaunguruma, lakini haiungurumi muda wote, kwa joto la Tanga la Februari we weka saa 12 kwa siku, hapo ni wati-saa 540. Feni ya wati 25 usiku kucha saa 10 ni 250. Simu, taa na laptop weka 150. Jumla 940, gawanya kwa 12 unapata ampea-saa kama 78. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inakupitisha siku moja vizuri, ila ile ya jeli au ya maji ya ukubwa uleule haikupitishi, sababu ukizoea kuinyonya chini ya nusu inakufa mapema. Sasa weka na masika, siku mbili tatu mawingu matupu, ndo utaelewa kwanini wengine wanafunga ampea-saa 200 ya lithiamu na paneli za wati 300 kwenda juu na hawajutii.

Betri za zamani unaweza kuhama nazo kama bado zina nguvu, lakini usizifunge pamoja na mpya, ile iliyochoka itaivuta mwenzake mpaka zote ziwe sawa kwa uchovu. Na kama unatoka kwenye jeli kwenda lithiamu usichukue waya wa dinamo na kuuchomeka moja kwa moja, lithiamu inavuta moto mwingi sana na dinamo ya gari haijatengenezwa kutoa moto wa kiwango hicho muda mrefu, inaungua. Weka chaja ya kati, ile ya volti 12 kwenda 12, inayopunguza mvuto. Fyuzi kubwa ikae karibu kabisa na betri, sio upande wa pili wa gari. Na betri ya lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, gari lililofungwa vioo likashinda juani hapa kwetu linapita hapo bila shida, kwahiyo itafutie sehemu ya chini penye hewa.

Haya, gari lenyewe. Hapa kila mtu ana dini yake. Mi msimamo wangu ni kwamba Hiace bodi ndefu inatosha mtu mmoja au wawili wanaopendana kweli, na Coaster ni ya familia au mtu anayefanya kazi humo ndani mchana kutwa na anataka kusimama wima. Faida ya zote mbili ni kwamba ukiharibikiwa Korogwe, Muheza au Handeni kuna fundi anazijua na spea hazikosekani, wakati vani za Ulaya nzuri nzuri zile ukitaka sensa moja unasubiri mzigo. Coaster bodi ndefu ina kama mita saba na mkia umetoka sana nyuma ya tairi, kwahiyo kwenye mlango wa pantoni au ukiingia kiwanja chenye mtaro, matako yanasaga chini.

Kama linatoka Japani, pita kwanza kwenye kikokotoo cha ushuru cha TRA ujue jumla kabla hujamtumia mtu hela, sababu kodi ya gari lenye umri mkubwa inapanda na bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu wa safari. Kama ni la hapahapa na lilikuwa daladala, namba yake ni nyeupe, ya biashara, utahitaji ubadilishe iwe ya njano ya binafsi, na ukishang'oa siti kadi inayosema abiria 28 inakuwa haiendani na gari. Uliza TRA na trafiki KABLA fundi hajashika spana, na leseni yako pia angalia daraja lake, D peke yake ni ya magari madogo ya binafsi. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari, ni dakika moja kwenye simu. Bima chukua kubwa, na uwaambie ukweli kwamba ndani kuna kitanda, gesi na betri, wasije wakakugeuka siku ya siku.

Ukaguzi wa kutu ndo usimwachie mtu. Mwenye gari akikuonyesha rangi we lala chini. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji yamepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani, ukilileta kwenye hewa ya bahari ya Raskazone linamalizikia hapo. Inua kapeti, ingiza kidole kwenye kona za milango na chini ya raba ya kioo cha mbele, ukisikia kitu kinakatika kama biskuti ondoka na salamu zako.

Ukishalinunua, peleka car wash limwagiwe maji ya presha likiwa TUPU, we uko ndani na tochi. Paa, raba za madirisha, mlango wa kusukuma, taa za nyuma, kote. Tone unaloliona leo ni la silikoni ya elfu chache, tone hilohilo likijificha nyuma ya plaiwudi utaliona baada ya masika kwa harufu.

Halafu kuna hili la uzito ambalo watu wanalipuuza sana. Mbao, betri, maji, gesi, godoro, nguo, inafika kilo mia nne hivi hivi. Azima madumu 20 ya lita 20, jaza maji, lita moja ni kilo moja kwahiyo hapo una kilo 400, yapange palepale ambapo kitanda na kabati vitakaa, uzito mkubwa chini na karibu na ekseli. Nenda nalo Muheza ukarudi. Kama mkia umekaa chini au usukani umekuwa mwepesi, ni springi au mpangilio, na ni nafuu kuhamisha dumu kuliko kuhamisha kabati. Mwenye moyo apande nalo Lushoto, kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za kona na mlima mtupu, kupanda uangalie mshale wa temperecha na kushuka ushuke na gia ndogo, breki uziguse tu, ukisikia harufu simama. Mlima ule hauna undugu na mtu.

Kabla ya kukata mbao chora kwa chaki. Sakafu ya Hiace bodi ndefu nyuma ya siti za mbele ni kama mita tatu kwa moja na nusu, ila pima ya kwako mwenyewe. Chora kiboksi hicho kwenye saruji ya uwanja, weka maboksi matupu kama makabati, halafu ishi humo jioni nzima, lala, geuka, vaa suruali umekaa, jifanye unapika. Fundi seremala wangu wa Chumbageni alinicheka, "bosi sasa hii ni kombolela au kazi?", akaja akalala mwenyewe kwenye chaki na miguu yake ikatoka nje ya mstari, akanyamaza, akachukua kalamu akaongeza sentimita kumi za kitanda. Toka siku hiyo wateja wake wote anawachorea.

Joto. Usikubali mtu akujazie sufi ya kioo ukutani eti ndo wanavyofanya Ulaya, wao wanapigana na baridi sisi tunapigana na joto na unyevu, ile sufi ikilowa haikauki na bati linaoza kwa ndani. Paka paa rangi nyeupe, weka feni ya paa inayotoa hewa nje, madirisha mawili yanayotazamana yenye wavu wa mbu, na mlango wa kusukuma uwe na chandarua cha sumaku ili ulale umeuacha wazi pale penye usalama. Paki kwa kufuata upepo, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi katikati ya mwaka, mlango uelekee upepo unakotoka. Mzozo wa kudumu ni kwamba we unataka kivuli na paneli inataka jua, suluhisho ni paneli moja ya kubeba yenye waya mrefu, gari linakaa chini ya mti wa mkungu, paneli inakaa juani. Chini ya mnazi usipaki, hilo hata mtoto wa Pangani anajua.

Gesi tumia mtungi wa kilo sita, ufungwe usicheze, kwenye kabati lenye tundu CHINI linalotokea nje ya gari, kwasababu hii gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni pale unapolala wewe. Jaribu maungio yote kwa povu la sabuni. Jiko likiwaka dirisha liwe wazi, na usiku mtungi unafungwa kwenye koki yake. Maji sina mengi ya kusema, madumu matatu na pampu ndogo yanashinda tangi la kifahari ambalo huwezi kulisafisha.

Sasa la zamani. Usiliuze mpaka jipya limelala nje wiki kadhaa na limenyeshewa. Ukifika muda wa kuuza kumbuka mnunuzi wa Hiace Tanga au Segera hataki kitanda chako, anataka kubeba abiria, kwahiyo siti za asili ulizozing'oa mwanzoni kama zipo stoo zinakuongezea hela kuliko makabati yote. Toa paneli, ziba matundu ya paa vizuri, rudisha siti. Na kadi ibadilishwe jina siku hiyohiyo mnayopeana hela, yule atakayekwambia "tutamalizia wiki ijayo kaka" ndo huyo faini zake zitakuja kusoma kwenye jina lako.

Safari ya kwanza usiende Mwanza. Nenda Pangani, lala Ushongo siku mbili tatu kwenye sehemu ya kambi, au panda Amani kama unataka baridi. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila we kaa. Ukilala kijijini pasipo na kambi, fika mapema, nenda kwa mwenyekiti, shikamoo mzee, jieleze, hata kama sheria haikubani, usiku mzima utalindwa na watu ambao hukuwalipa. Barabara ya vumbi itakutafutia kila skrubu iliyolegea, kwahiyo bisibisi na spana namba 10, 12 na 14 zikae kwenye mfuko wa mlango wa dereva, sio chini ya kitanda.