Saikolojia ya miaka minne: namna ya kujipanga na mwaka wa prepa ukiwa bado Bukavu

Wadogo wengi hapa Bukavu siku hizi wanataka kusoma saikolojia na mimi siwashangai, mji uko na hospitali ya Panzi, kila familia imeshasikia habari za psikologe, na kuna wale wameshatumika kama APS (wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii) ku ONG wakaona bila diploma ya juu watabaki pale pale miaka yote. Sasa mtu anaingia intaneti, anatafuta vyuo vya Uingereza, anakuta saikolojia imeandikwa "with Foundation Year", miaka minne badala ya mitatu, anauliza kwani wananirudisha sekondari? Hapana. Diploma d'État yetu, ile ya kumaliza sekondari, mara nyingi vyuo vya kule haviikubali uingie nayo moja kwa moja mwaka wa kwanza, wanataka uongeze mwaka mmoja katikati, njo huo. Mimi nauita prepa tu.

Kwanza jua kwamba prepa ziko za aina mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna ile iko ndani ya licence (shahada ya kwanza) yenyewe, unaomba mara moja unasoma miaka minne. Na kuna ya wanafunzi wa kigeni, mara nyingi inafanyika ku koleji inayotumika pamoja na iniversite, ukifikisha alama walizokuambia unapanda mwaka wa kwanza. Shida ni kwamba zile za aina ya kwanza zingine hazichukui mtu anayehitaji viza, na hiyo wanaiandika chini kabisa kwa herufi ndogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata dola moja andika imeili ku biro ya admisioni uulize mambo matatu: munachukua mtu wa viza ya mwanafunzi kwenye programu hii? Natakiwa alama ngapi ili nipande, kwa jumla na kwa kila somo? Na hii licence inatambuliwa na BPS? Komisioneri, yule dalali wa vyuo, akikuambia hayo maswali hayana maana, muache na stori zake.

Hiyo BPS ni British Psychological Society, chama chao cha watu wa saikolojia. Licence ikiwa imetambuliwa nao na ukamaliza walau na daraja la pili la chini, unapata msingi wanaouita GBC, yaani wa kuweza kuwa mwanachama wao wa kitaalamu, na njia nyingi za mbele kule zinauliza huo msingi. Usipokuwa nao utalipa masomo mengine tena ya kurekebisha. Na tusidanganyane, miaka minne haikufanyi psikologe wa kliniki. Kule jina hilo linalindwa na sheria, lazima uwe kwenye rejista ya HCPC, shirika linalosajili wataalamu wa afya kule, na njia ya kawaida ni doktora ya miaka mitatu juu ya licence. Waeleze wazazi mapema, juu papa anaweza kuuza parsele akifikiri baada ya miaka minne unafungua kabine.

Mambo ya feza nayapita haraka. Mwanafunzi wa kigeni analipa minerval (ada ya masomo) ya kigeni tangu prepa, hakuna punguzo la huruma, na kwa viza feza unazoonyesha lazima zikae ku konti siku 28 mfululizo, si za kuazima leo na kurudisha kesho. Testi ya Kiingereza wengi wanavuka kwenda kuifanyia Kigali. Maombi ya licence yanapitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo kule, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 ile barua ya kujieleza imekuwa maswali matatu: kwa nini somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya shule umefanya nini cha kukuandaa. Yote pamoja herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Usianze na "tangu utoto napenda kusaidia watu", wanaoandika hivyo ni wengi mno. Andika kitu umefanya kwa mikono yako, na hapo njo nafika kwenye kiini.

Watu wanakuja saikolojia kwa kupenda watu halafu wanakutana na namba. Prepa yenyewe ina utangulizi wa saikolojia, kuandika insha, takwimu, pengine biolojia kidogo na kautafiti kadogo, na mimi naona kinachowabana wengi ni takwimu na insha, hasa waliotoka section (mchepuo) ambayo hesabu waliiaga zamani. Habari njema ni kwamba unaweza kuanza leo, hapo Kadutu au Bagira ulipo, na kalamu za rangi.

Fanya jaribio la Stroop, yule mwanasaikolojia aliyelitoa mwaka 1935. Kamata karatasi mbili. Ya kwanza chora vibox 20 vya rangi: nyekundu, bluu, kijani, njano, umevichanganya. Ya pili andika majina ya rangi 20 lakini kila jina kwa wino wa rangi nyingine, yaani neno "rouge" (nyekundu) kwa wino wa bluu, "vert" (kijani) kwa wino mwekundu. Nasema andika kwa Kifaransa kama jirani zako wanasoma Kifaransa haraka kuliko Kiswahili, juu jaribio linategemea mtu asome bila kutaka. Umuombe mtu ataje rangi ya wino, si neno, simu yako inapima sekunde. Utaona mama mzima anajikwaa, anacheka, anarudia. Nusu ya watu waanze na karatasi ya kwanza, nusu na ya pili, ili uchovu na mazoea visikudanganye. Na kabla ya yote umuulize mtu kama anakubali, umwambie anaweza kuacha wakati wowote. Hilo si adabu tu, ni sehemu ya somo: utasoma jaribio la utii la Milgram, 1963, watu 40 waliamriwa kumpiga mwenzao umeme, 26 kati yao wakafika mpaka volti 450 wakiamini wanamuumiza mtu kweli, na mpaka leo watu wanabishana kama ilikuwa haki kuwatendea vile.

Sasa daftari. Kila mtu, toa sekunde za karatasi ya kwanza kwenye za pili. Tuseme watu watano wamekupa tofauti hizi: 4, 7, 5, 9, 5. Jumla 30, gawa kwa 5, wastani ni 6. Halafu kila namba toa wastani: −2, 1, −1, 3, −1. Zipige kwa zenyewe: 4, 1, 1, 9, 1, jumla 16. Gawa kwa watu kasoro mmoja, yaani 4, unapata 4, kipeuo cha pili chake ni 2. Huo 2 njo écart-type, unakuambia watu wametawanyika kiasi gani kuzunguka ile 6. Ukiifanya kwa mkono mara kadhaa, siku mwalimu anafungua programu ya takwimu hautaona mazingaombwe. Ukiwa na kompyuta, JASP na jamovi, programu za takwimu, ni za bure na zinafanya kazi bila koneksioni ukishazipakua, kwa hiyo shida yako inabaki kurant (umeme) tu.

Kisha andika ripoti ya ukurasa mmoja: swali lako, ulifanyaje, ulipata nini, na kwa nini pengine umekosea. Hiyo sehemu ya mwisho njo inatutesa sisi. Hapa tumezoea kukariri silabusi na kumrudishia prof maneno yake, anatupa 14 ku 20. Kule ukirudisha maneno ya mwalimu bila kutaja yametoka wapi ni wizi, na wako na programu za kukamata. Wanachotaka kwenye aya ni dai, ushahidi, halafu mashaka. Mfano: maneno ya swali yanaweza kubadilisha anachokumbuka shahidi. Loftus na Palmer, 1974, waliwaonyesha wanafunzi filamu za ajali, walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walikadiria wastani wa zaidi kidogo ya maili 40 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" 31.8. Lakini walikuwa wanafunzi, kwenye chumba, mbele ya filamu, hakuna aliyeogopa kufa. Basi, hiyo ni aya nzima.

Na hapo mtu wa Bukavu uko na silaha wenzako hawana. Mwaka 2010 Henrich na wenzake wawili walionyesha kwamba tafiti nyingi za saikolojia zimefanywa kwa watu wa nchi tajiri za Magharibi, halafu zinasemwa ni za binadamu wote. Kila utafiti unaosoma uliza: huyu wamempima nani, na mtu wa Ibanda angejibu vile vile? Wanapenda hilo swali, lakini litoe na sababu, si kwa hasira.

Kuhusu alama, usishtuke. Kule kupita mara nyingi ni 40 ku 100, na 70 ni daraja la kwanza kabisa, kwa hiyo 62 ambayo hapa mama angeuliza umekuwa na shida gani, kule ni daraja la pili la juu. Alama za prepa kwa kawaida haziingii kwenye daraja la mwisho, lakini kupanda mwaka wa kwanza wakati mwingine wanataka zaidi ya 40, njo maana nilisema uliza mapema.

Kusoma kwenyewe: funga daftari, sema kwa sauti unachokumbuka, fungua, ona ulichoacha, rudia kesho kutwa. Roediger na Karpicke, 2006, walikuta kwamba baada ya dakika tano waliosoma tena na tena walishinda, baada ya wiki walioshinda ni wale waliojipima. Na inafaa sana usiku kurant ikikatwa, haihitaji taa. Kwa Kiingereza cha masomo, OpenLearn, tovuti ya Open University ya Uingereza, iko na kozi za bure za saikolojia, pakua ukiwa mahali pa koneksioni nzuri usome taratibu nyumbani.

Makaratasi usiyaache mwisho. Diploma yenyewe inaweza kuchelewa kutoka, kwa hiyo chukua attestation ya kufaulu na buletini zako zote, zipeleke kwa mtafsiri wa kiapo, zipige skana kwa rangi, uzitunze ku imeili yako mwenyewe, si ku simu ya kaka. Na kama feza za Uingereza hazipatikani, licence yetu hapa katika mfumo wa LMD ni miaka mitatu, kredi 180, na hayo mazoezi ya Stroop na ya aya unayabeba vile vile mpaka L1, mwaka wa kwanza.