Kupunguza Shati la Mtumba Bila Kulibana

Katika soko la Kongowea, Mombasa, unaweza kupata shati zuri la ofisini kwa bei iliyo chini sana ya lile jipya la dukani, ila mara nyingi litakuwa limekatwa kwa mwili wa mtu mwingine: ubavuni limefura, mikono imepita kifundo, na kila ukiketi kitambaa kinatuna juu ya mkanda. Kasoro hizo zote hurekebishika nyumbani kwa cherehani ya kawaida, mradi shati lichaguliwe kwa busara.

Uchaguzi wenyewe uufanye kwa kutazama mabega na kola. Mshono wa bega ukikaa juu ya mfupa, au ukiupita kwa sentimita moja hivi, na kola iliyofungwa kifungo ikiruhusu vidole viwili kuingia shingoni, shati hilo linafaa. Bega likining'inia zaidi ya hapo, liache hata kama muuzaji anazidi kupunguza bei, kwa sababu kulirekebisha kunahitaji kufumua mkono mzima na kukata upya tundu lake, kazi ambayo hata mafundi wazoefu huifanya kwa tahadhari. Kola iliyo kubwa mno nayo si kazi ya kujaribia nyumbani.

Ukifika nyumbani, lifue shati, ulikaushe na kulipiga pasi kabla ya kupima chochote, maana kitambaa cha pamba huweza kurudi kinapofuliwa, na mshono uliokuwa sawa leo utabana wiki ijayo. Kisha livae ndani nje, ulifunge vifungo vyote, na umwombe mwenzako akubanie pini ubavuni, kuanzia kwapani hadi kiunoni, huku mikono yako ikining'inia kama kawaida. Hapa hesabu ni muhimu: kila sentimita 1 inayobanwa huchukua sentimita 1 mbele na nyingine nyuma, kwa hiyo ubavu mmoja hupungua sentimita 2 na pande zote mbili hupungua sentimita 4. Watu wengi husahau hesabu hiyo na kuishia na shati linalovuta vifungo.

Kwa hali ya hewa ya Mombasa, ningeshauri mzunguko wa kifua wa shati uuzidi ule wa mwili kwa sentimita 10 hadi 12. Jasho hugandisha kitambaa mwilini, na shati lililobana halipitishi upepo, jambo ambalo wavaaji wa kanzu wa pwani wanalifahamu vyema. Shati lililokukaa sawasawa ni lile linalofuata umbo lako na bado likaacha hewa ipite.

Ukishachora mstari kwa chaki, piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu iliyolegea ambayo ni rahisi kuifumua, kisha livae shati na ulipime kwa vitendo: keti, inama, nyosha mkono juu kama anayeshika chuma ndani ya matatu. Hatua hii usiiruke kamwe. Ukiridhika, shona kwa sindano namba 80 na mshono wa milimita 2.5, ukianzia ndani ya mkono, sentimita 15 hivi kutoka kwapani, ili mstari mpya uungane na ule wa zamani taratibu bila kuacha kona chini ya kwapa. Baada ya hapo tu ndipo mkasi uingie. Bakiza sentimita 1.5 za kitambaa, punguza upande mmoja hadi nusu, ukunje ule mpana juu yake na ushone tena, ili nyuzi zisichomoze kila shati linapofuliwa.

Iwapo mgongo bado umefura, ongeza mikunjo miwili ya kushonwa, kila mmoja ukiwa takriban sentimita 10 kutoka katikati ya mgongo, na urefu wa sentimita 30 hivi. Mkunjo uwe mpana zaidi kiunoni, usizidi sentimita 1.5 ukiwa umekunjwa, halafu upungue polepole hadi kuisha juu na chini. Kwenye ncha hizo usirudishe cherehani nyuma. Acha uzi mrefu na uufunge kwa mkono, maana mshono wa kurudia huacha uvimbe unaoonekana kwa nje.

Mikono mirefu mno inaweza kufupishwa kwa kufumua ile sehemu ya kifungo na kuirudisha juu zaidi, lakini mpasuo wake hufupika pia, na kazi huwa ndefu. Kwa mji wenye joto kama huu, naona ni bora kuikata iwe mifupi, juu kidogo ya kiwiko: bakiza sentimita 4, kunja 1 kisha 3, upige pasi na kushona. Pindo la chini hushonwa vivyo hivyo, ila kwa mkunjo mwembamba zaidi. Uzi wa rangi inayolingana utaupata Barabara ya Biashara. Nenda na kipande ulichokata ubavuni, na rangi ikikosekana kabisa, chukua uzi ulioiva kidogo kuliko kitambaa, kwa kuwa uzi mweupe zaidi huonekana haraka.