Mashine za ukaguzi getini: jua ipi ina eksirei kabla hujaanza kuogopa

Wadau wa kusini, msimu wa korosho ukianza tu huku kwetu safari zinakuwa nyingi, mara uwanja wa ndege Mtwara, mara bandarini na malori, na maneno nayo yanaanza upya, oo ile mashine inamaliza nguvu za kiume, oo mjamzito asisogee kabisa. Kabla hujaanza kuogopa angalia kwanza umesimamishwa mbele ya mashine gani, maana hapo ndo watu wengi wanachanganya.

Ile fremu kama mlango, inalia ukisahau funguo mfukoni, haina eksirei hata kidogo, inatumia sumaku kutafuta chuma. Kile kidude cha mkononi anachokupitishia mlinzi ni hivyohivyo. Mwenye betri ya moyo tu ndo amwambie mlinzi mapema, akaguliwe kwa mikono. Kuna na kile kibanda cha vioo unanyanyua mikono juu, mashine za hivyo viwanja vikubwa vya nje zimejaa, zile nyingi zinatumia mawimbi ya jamii ya redio, sio eksirei.

Eksirei ipo kwenye mashine ya mizigo, ile ya mkanda. Na ipo kwenye skana za eksirei za kukagua mtu mwenyewe, ambazo ziko za aina mbili: moja mionzi inagonga mwili inarudi, inaonesha kilichofichwa chini ya nguo, nyingine inapenya mwili mzima kama hospitali na inaona mpaka alichomeza mtu, ndo maana zinapendwa magerezani na kwenye migodi ya almasi. Huwezi kutofautisha? Uliza. "Samahani afande, hii ni ya eksirei?" Hakuna dhambi hapo. Tafuta na ile alama ya njano yenye mapanga matatu meusi.

Sasa viwango. Kinachotajwa sana ni cha Marekani, ANSI/HPS N43.17 toleo la 2009. Kinasema skana ya kupitisha mtu yeyote yule, watoto na wajawazito wakiwemo, isizidi maikrosiveti 0.25 (kipimo cha mionzi anayopata mtu) kwa ukaguzi mmoja. Dunia yenyewe, mawe, hewa, jua, vyakula, inatupa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka, na milisiveti moja ni maikrosiveti 1000, kwa hiyo piga hesabu utaona ukaguzi mmoja haufikii hata mionzi ya saa moja ya kuishi tu hapa duniani. Ndege yenyewe ya kwenda Dar ikishapaa juu inakupa zaidi ya hapo. Habari za nguvu za kiume kwa dozi hiyo ni porojo bana.

Ila sio zote ziko hivyo, zile za kupenya mwili zinaruhusiwa kufika hadi maikrosiveti 10 kwa mara moja, na hazitakiwi kutumika kwa kila mpita njia. Halafu kuna kikomo cha mwaka ambacho watu hawakiongelei kabisa, kituo kimoja kisimpe mtu mmoja zaidi ya maikrosiveti 250 ndani ya miezi 12. Abiria wa mara mojamoja hilo halimhusu, anayehusika ni wewe unayeingia kazini kila siku kupitia geti hilohilo. Kwa skana ya 0.25 unahitaji kupita mara 1000 ndo ufike, kwa ile ya 10 ni mara 25 tu umemaliza! Kwa hiyo kama kazini kwenu wameweka ya kupenya mwili, uliza mambo mawili, inatoa dozi gani kwa mara moja na nani anaandika idadi. Wakikuzungusha, uliza kibali, maana vifaa vya mionzi Tanzania viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, kwa sheria ya 2003.

Watu wanauliza pia mbona Ulaya walizikataa skana za eksirei za kukagua watu kwenye viwanja vya ndege. Kweli, 2011 walisema skana za watu zisizo na eksirei ndo zitumike, kwa tahadhari, kwa vile zipo. Marekani nao zile za mionzi kugonga na kurudi waliziondoa viwanjani 2013 ila kisa kilikuwa picha, zilionesha watu kama wako uchi.

Mashine ya mkanda mimi ndo naiona ya kuchunga zaidi, sio kwa kuvuja, imezibwa vizuri, ila kwa vituko vya watu. Usiingize mkono kwenye yale mapazia kuvuta begi lililokwama, mwambie mlinzi asimamishe. Mtoto mtoe kwenye kikapu umbebe, asiachwe hata sekunde karibu na mkanda. Na nyie walinzi, pazia likichanika msiendelee kupitisha mizigo eti foleni ndefu, zimeni mpaka fundi aje. Korosho na samaki wakishapita humo hawabaki na mionzi, kula tu.

Wa malori, skana ya makontena ni nyingine kabisa, nguvu yake kubwa mno. Ukiambiwa shuka, shuka, na kabla hujatoa funguo pandisha pazia la kitanda nyuma ya siti uhakikishe utingo hajalala humo.