Mkiamka Ziwa Limefungwa

Tulilala maji yakiwa wazi pande zote, tukaamka ziwa halipo. Palipokuwa na maji palijaa majani mabichi, mazito, yenye maua ya zambarau, mpaka jicho linapoishia, na boti yetu imesimama katikati kama iliyopandwa shambani. Tulikuwa vijana saba tusiojuana. Kila mmoja alikuwa amelipa nauli yake kivyake kwenda kutembea Kisiwa cha Ndere katika Ziwa Victoria, kwenye ile hifadhi ndogo ya swala na viboko. Wa nane alikuwa mzee mwenye boti, ambaye sote tulimwita jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Jioni tukirudi Kisumu injini ilizima, akatia nanga tungoje mapambazuko. Tulikaa humo siku mbili na usiku tatu.

Mimi ni msusi, mzaliwa wa Nakuru, na ziwa nililolizoea ni lile la magadi ambalo hakuna anayelioga. Nayaandika haya kwa ajili ya kijana yeyote atakayejikuta amefungiwa na watu asiowajua, iwe kwenye boti, kwenye basi lililozingirwa na mafuriko au kwenye nyumba asiyoruhusiwa kutoka.

Anzeni kwa kupata maelezo mamoja. Asubuhi ile kila mtu alikuwa na yake. Dada mmoja wa Siaya alisema kuna mkono wa mtu. Kijana wa Kakamega alisema jaduong' alitusogeza usiku tukiwa usingizini, akaanza kumpandishia sauti. Katika boti ya watu wanane mnong'ono hauna pa kwenda. Unazunguka tu na kurudi umevimba. Mwombeni anayelijua eneo aseme mara moja, kwa sauti, wote wakisikia. Jaduong' alisimama akaeleza kwamba gugumaji halishiki ardhi, linaelea, na majani yake hushika upepo kama tanga. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka. Shamba zima la majani linaweza kuhama usiku mmoja likamkuta mtu ametia nanga. Yeye alilifahamu tangu lilipoingia upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa mvuvi kijana. Tulipumua. Njia hatukuwa nayo bado, ila sababu tuliipata, na lawama ikakosa pa kukaa. Kijana wa Kakamega alimwomba mzee msamaha mbele yetu.

Msikanyage majani. Yanaonekana kama uwanja wa mpira. Mmoja wetu alishuka akidhani atatembea, akazama hadi kifuani, tukamvuta kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Chini yake kunaweza kuwa na kiboko au nyoka, na maji yenyewe yana kichocho, ambacho hupenya ngozi.

Simu nitazipitia haraka. Zimeni zote isipokuwa moja, mkibadilishana. Andikeni ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwa sababu ujumbe hupita pale mtandao dhaifu unapokataa sauti: mko wangapi, mlikotoka, mnachokiona upande wa jua linapotua. Utumieni mtu mmoja nyumbani atakayewajulisha wengine wote. Namba za dharura ni 112 na 999, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Sisi tulipata jibu siku ya kwanza saa nne asubuhi, kwamba wanajua tulipo, ila boti za uokoaji haziwezi kupenya mpaka majani yalegee. Kusubiri huku ukijulikana ulipo kunachosha kwa namna yake, kwa hiyo msiuangalie ule ujumbe kila dakika. Tulikubaliana kuwasha simu mara tatu kwa siku: asubuhi, saa saba na jioni.

Maji ya kunywa yalikuwa chupa tisa. Yalipoisha tulichota ya ziwani kwa kuyachuja kwenye leso yangu iliyokunjwa mara nne, tukayarudia mpaka yakawa meupe kiasi, kisha tukayaweka kwenye chupa zisizo na rangi juu ya turubai, juani, kwa muda wa saa sita kamili. Kama mawingu yametanda, siku mbili. Kunyweni kivulini, na msimnyime mtu maji kwa kuyawekea akiba ya kesho. Haja ilikuwa ndoo nyuma ya injini, na leso ya pili ikiwa pazia. Lizungumzeni hilo mapema, mwanamke aanze, kwa sababu kuna dada aliyejizuia kunywa nusu siku kwa kuona haya.

Sasa jambo lililonifanya nikae kuandika. Siku ya kwanza mchana kijana mmoja wa chuo alipendekeza tukae duara, kila mtu ajieleze na aseme anavyojisikia. Alikuwa na nia njema. Duara lilivunjika kwa mtu wa tatu. Mmoja alilia, mwingine akamkazia macho, na mdogo wetu, kijana wa Bungoma, akavuta jaketi juu ya kichwa akahamia kwenye omo, mbele kabisa ya boti. Tangu hapo kila tukimuuliza alijibu "niko sawa", na ndizi yake ikabaki bila kumenywa.

Alasiri nilimwona yule dada wa Siaya akijikuna kichwa. Matuta yake yalikuwa yamefumuka nusu. Nilikuwa na chanuo kwenye mkoba, nikamwambia akae chini mbele yangu nimfumue na kumsuka upya. Alinipa kisogo, uso wake ukaelekea majani. Hatukuwa hata na mistari miwili akaanza kuzungumza. Aliyoyasema sitayaandika, ni yake. Lakini nilikumbuka kitu ninachokiona saluni kila siku bila kukitia maanani: mtu husema akikupa kisogo. Mikono yangu ina kazi, macho yetu hayakutani, akitaka kunyamaza ananyamaza na kazi inaendelea, wala hakuna anayemsubiri amalize sentensi.

Kwa hiyo msiwaketishe watu uso kwa uso wakiwa na hofu. Tafuteni kazi ya watu wawili inayowafanya waangalie kitu kimoja. Yule wa Bungoma alikuwa amenyoa, sikuwa na cha kumsuka. Nilimnong'oneza jaduong', naye akavuta wavu uliochanika chini ya ubao wa kukalia. Akamwita, "Njoo unishikie ncha hii, ukiiachia mafundo yatalegea." Kijana alikuja kwa sababu ilimbidi. Walikaa zaidi ya saa nzima, mzee akishona, yeye akishika. Kisha akauliza, akiutazama wavu, kama majani yataikaza boti mpaka ivunjike. Ndiyo hofu aliyokuwa nayo tangu asubuhi, na aliona aibu kuisema mbele ya wenzake wakubwa. Jaduong' hakumcheka. Alichukua pondo, akalisukuma katikati ya majani ubavuni mwa boti, likashuka bila kuzuiwa, akampa naye asukume. Kijana akasukuma mara kadhaa. Jioni hiyo alimenya ndizi yake. Amenipa ruhusa kulieleza hili.

Chagueni kazi ambayo aliyenyamaza ataona mwenyewe kwamba bila yeye haiendi. Kazi ya kumpa tu ili asikae bure ataitambua, na itamuumiza. Siku ya pili alikuwa ndiye wa kupima maji yaliyoingia botini kwa kijiti alichokikata alama, na kutuambia lini tuyatoe. Kijana wa Kakamega, ambaye amesomea kilimo, alitupasulia shina la gugumaji tukaona vyumba vya hewa vinavyolifanya lielee, akatueleza juu ya fukusi walioletwa miaka ya 1990 ili walile. Wote tulikuwa tumeinama tukitazama lile shina.

Wapeni watu pia mahali pa kuwa peke yao. Kwetu ilikuwa omo. Aliyekaa pale mgongo ukiwa kwetu hakusemeshwa, na tulipokezana kwa kivuli cha pondo: kikisogea ubao mmoja, mwingine anaingia. Mimi nilihitaji zamu hiyo kuliko nilivyotarajia.

Usiku lindeni wawili wawili. Saa tisa usiku ndiyo mbaya zaidi, baridi imeingia, na kila mawazo ya nyumbani huja saa hiyo. Wekeni sharti kwamba anayezinduka anaweza kumgusa mlinzi begani bila kueleza sababu, na mlinzi atamsogezea nafasi akae. Usiku wa pili niliguswa mara nne. Usiku wa tatu mimi ndiye niliyegusa.

Asubuhi ya mwisho upepo ulipasua ujia mwembamba, na boti mbili za wavuvi zikaja zikisukumwa kwa pondo. Hapo ndipo tulipokaribia kupinduka, kwa sababu sote tulikimbilia upande mmoja kupunga mikono. Kaeni chini. Avukishwe kwanza aliyechoka zaidi, na majaketi ya kuokolea yasivuliwe mpaka miguu iguse mchanga.

Mkifika nyumbani, homa ikikupata wiki moja au mbili baadaye, nenda kapime malaria. Mweleze daktari pia kwamba uligusa maji ya ziwa, akupime kichocho kwa wakati wake. Usingizi utachelewa kurudi. Mimi nililala taa ikiwaka siku tisa, na mama hakuuliza umeme nani atalipa. Badilishaneni namba kabla hamjatawanyika, halafu msipigiane kuulizana mnaendeleaje. Pigianeni mkiwa na kazi mkononi.

Siku ya nne baada ya kurudi, yule wa Bungoma alipiga nikiwa na mteja kitini. Niliweka simu kwenye meza ya mafuta, sauti ikiwa wazi, nikamwambia nasuka, aendelee. Alikuwa na nyanya yake, wakimenya viazi. Nilimaliza mistari kumi na miwili kabla hajakata.